Nati za Gurudumu Hukazwa Mara Mbili: Vidokezo 12 kwa Watu wa Malori na Mabasi

Gurudumu la lori kubwa, yaani tairi pamoja na rimu yake, lina uzito wa karibu kilo 100. Likichomoka gari likiwa kwenye mwendo, halina breki wala honi. Linajiendea zake, na aliye mbele yake, awe mwenye bodaboda, muuza mahindi ya kuchoma au mtoto anayetoka shule, hana la kufanya. Chunguza chanzo, na mara nyingi utakuta ni nati ambazo zingekazwa kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Wahenga walishasema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Vidokezo hivi ni vya dereva, utingo, fundi wa tairi na mwenye gari anayetaka lori lake lirudi nyumbani na magurudumu yote liliyoondoka nayo.

1. Jua kwanza ni nini kinacholishika gurudumu

Nati ikikazwa sawasawa, bolti huvutika kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho. Nayo hutaka kurudi ilivyokuwa, kama ule mpira wa tyubu unaofungia mzigo kwenye kerea ya baiskeli. Mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye habu, na mbano huo ndio unaoizuia rimu isicheze.

Mbano ukipungua, rimu huanza kusogea kidogo kidogo. Kila tairi linapozunguka, bolti zinapindwa huku na huku, na chuma kinachopindwa mara maelfu huchoka na kukatika. Kwa hiyo ukikuta bolti imekatika, usikimbilie kusema ilikuwa ya bei rahisi. Huenda ilikuwa nzuri kabisa, ila nati yake ililegea siku nyingi na hakuna aliyeitazama.

2. Safisha kabla ya kufunga

Kutu, tope lililokauka, vipande vya rangi, grisi iliyomwagika: vyote hivi vikibaki kati ya rimu na habu, nati itakaza uchafu. Spana itakwambia mambo ni tayari. Baada ya safari fupi uchafu huo utasagika na kutoka, utaacha nafasi, na mbano utakuwa umepungua bila nati yenyewe kuzunguka hata kidogo.

Chukua brashi ya waya, sugua uso wa habu, uso wa rimu pande zote mbili, na eneo linalozunguka kila tundu. Kwenye tairi pacha, usisahau pale rimu ya ndani inapokutana na ya nje. Na wewe unayependa rimu zing'ae, sikiliza: rangi nene mahali nati inapokalia ni adui. Zipake rangi rimu zako utakavyo, lakini sehemu za kubanana ziwe na rangi nyembamba iliyokauka vizuri.

3. Usirudishe mgonjwa kazini

Nati iliyoliwa nyuzi, bolti iliyopinda au kurefuka, wosha iliyopasuka, rimu yenye tundu lililopanuka likawa na umbo la yai: hivyo vyote mahali pake ni kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Usikubali kuambiwa "hii bado inasukuma siku mbili tatu."

Kuna kanuni ya mafundi inayofaa kukaririwa. Bolti moja ikikatika, badilisha hiyo pamoja na jirani zake wawili, wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa ndio waliobeba mzigo wake. Zikikatika mbili au zaidi kwenye gurudumu moja, badilisha zote. Ni gharama, ndiyo. Lakini bolti zilizobaki zimekwisha kuumia hata kama zinaonekana nzima.

Ukifunga rimu za alumini kwenye gari lililokuwa na za chuma, uliza kwanza kuhusu urefu wa bolti. Alumini kwa kawaida ni nene zaidi, na bolti fupi zitaikamata nati kwa nyuzi chache tu.

4. Oili kidogo, mahali pake

Kwenye nati zenye wosha iliyoungana nazo, watengenezaji wengi wanaelekeza tone moja au mawili ya oili kwenye nyuzi na jingine kati ya nati na wosha. Nati huzunguka kwa ulaini, na nguvu ya mkono wako inakwenda kwenye kubana badala ya kupotea kwenye kukwaruzana.

Ila oili ina mipaka. Usipake oili wala grisi pale rimu inapokutana na habu, wala pale wosha inapokalia rimu. Hapo tunataka pakavu. Na kama kitabu cha gari lako kinasema nyuzi zikae kavu, basi kavu iwe. Bolti iliyopakwa mafuta kinyume cha maelekezo huvutwa kupita kiasi ingawa spana inasoma sawa.

5. Anza kwa vidole, endelea kwa nyota

Nati ianze kushika kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla spana haijaigusa. Ikigoma kuingia kwa vidole, iondoe uone kasoro iko wapi. Ukiilazimisha itapanda nyuzi, na siku ya kuifungua utaitafuta mashine ya kuchomelea.

Zikishashika zote, kaza kwa kuruka: ya juu, kisha ya chini inayoitazama, kisha ya upande huu, kisha ya upande ule, hadi uzimalize zote. Ukizifuata moja baada ya nyingine kwa kuzunguka, rimu itakaa upande, na nati ulizoanza nazo zitakuwa zimelegea utakapofika mwisho. Mzunguko wa kwanza uwe wa kuikalisha rimu tu, tairi likiwa juu ya jeki. Kisha shusha gari, ufanye mzunguko wa pili wa nguvu kamili, kwa mpangilio uleule wa kuruka.

6. Mashine ya upepo isiwe na neno la mwisho

Ile mashine inayolia "trrrr" pale kijiweni ni msaada mkubwa, hasa kwa gari lenye magurudumu 22. Tatizo ni kwamba nguvu yake hubadilika. Kompresa ikiwa imejaa, itakaza kupita kiasi. Kompresa ikiwa imechoka, au watu wawili wakitumia mpira mmoja, itakaza pungufu. Mlio ni uleule.

Itumie kupeleka nati hadi zikalie, kisha malizia kwa spana ya toki, ile inayopimwa na kulia "ka!" ukifikia kiwango ulichoweka. Malori mengi yenye bolti kumi za milimita 22 hutaka kati ya nyutoni-mita 550 na 700, kutegemea mtengenezaji. Kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi. Kiwango cha lori la jirani kiache kwa jirani.

Mwenye malori matatu akikwambia spana ya toki ni ghali, mwulize bei ya rimu moja, tairi moja na siku moja ya kulala porini.

7. Piga hesabu ya bomba

Wengi hawana spana ya toki. Wana spana ya kawaida, kipande cha bomba na uzito wa mwili. Basi angalau tupige hesabu.

Mtu wa kilo 70 akisimama kwa utulivu kwenye mpini, mita moja kutoka kwenye nati, anaikaza kwa takriban nyutoni-mita 690. Hapo yuko karibu na kiwango cha juu cha malori mengi. Akisimama kwenye mpini wa nusu mita, anapata takriban 340, pungufu sana. Akichomeka bomba la mita mbili, anafika takriban 1,370, mara mbili ya kinachotakiwa. Na akianza kurukaruka juu yake, hakuna tena hesabu, ni bahati nasibu.

Nati iliyozidishiwa nguvu si salama kuliko iliyolegea. Bolti ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena, inabaki imerefuka, na mbano unapungua. Kwa hiyo bomba la mita mbili ni la kufungulia nati iliyoshikwa na kutu. Siku ya kufunga, liache kwenye boksi la vifaa.

8. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100

Kama utasahau vyote, hiki usikisahau. Kila gurudumu lililofunguliwa, iwe kwa pancha, breki, grisi au tairi jipya, nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Sababu ni ileile ya kidokezo cha pili. Hata ukisafisha vipi, nyuso za chuma huwa na vilima vidogo, rangi na vumbi. Uzito wa mzigo na mtikisiko wa barabara huvibonyeza vyote, rimu inakaa vizuri zaidi, na mbano unashuka. Hilo hutokea hata kwa fundi bora kuliko wote. Asiyekaza mara ya pili amefanya nusu ya kazi.

Safari zetu zinasaidia. Ukitoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, mizani ya Vigwaza iko ndani ya masafa hayo, na Chalinze haiko mbali na mwisho wake. Ukitoka Mombasa kuelekea Nairobi, kuna Samburu na Mackinnon Road. Unasimama hapo kwa mizani au kwa supu, basi toa na spana.

Namna ya kurudia: weka spana ya toki kwenye kiwango, pitia kila nati hadi ilie. Usizilegeze kwanza. Nati ikizunguka kidogo, ni kawaida. Ikizunguka sana, au zikawa nyingi, shuku kuna kitu, na urudie tena baada ya masafa mengine kama hayo.

Na usikaze habu ikiwa ya moto. Ukitoka kuteremka mlima Kitonga breki zinanukia, chuma kimetanuka na vipimo vitakudanganya. Subiri ipoe.

9. Mjapani wa zamani ana tabia zake

Malori mengi yaliyotumika yanayoingia kwetu yanatoka Japani, na yale ya zamani yana mfumo wao wa nati. Magurudumu ya kulia hufungwa kwa kuzungusha kulia kama kawaida. Ya kushoto hufungwa kwa kuzungusha kushoto. Utingo mgeni akikutana na gurudumu la kushoto linalogoma kufunguka, kumbe analikaza, na akiongeza bomba anaikata bolti. Tafuta alama za R na L kwenye ncha za bolti kabla hujatia nguvu.

Jambo la pili ni tairi pacha za nyuma. Katika mfumo huo, rimu ya ndani ina nati zake na rimu ya nje ina zake, moja juu ya nyingine. Ukikaza za nje peke yake, za ndani zinaweza kuwa zimelegea na usijue. Njia yake: legeza nati za nje kwa kuruka moja moja, kaza zile za ndani zilizofichuka, rudisha za nje na uzikaze. Kisha fanya vivyo hivyo kwa zilizobaki. Usilegeze zote kwa pamoja.

Kuanzia mwaka 2010 hivi malori makubwa mapya ya Japani yalihamia mfumo wa ISO, wenye nati moja kwa kila bolti na mzunguko wa kulia pande zote. Usidhani. Angalia gari lako ni la kundi gani.

10. Zunguka gari kila asubuhi, na utazame nyuma kushoto

Kabla ya kuwasha injini, lizunguke gari ukiwa na tochi. Ishara za nati iliyolegea zinajionyesha zenyewe:

– michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati na kutawanyika kwenye rimu;
– chuma kinachong'aa pembeni ya nati, mahali palipokuwa na rangi au vumbi;
– rangi iliyopasuka kuzunguka nati au kuzunguka tundu;
– nyuzi za bolti moja zinazoonekana nyingi kuliko za wenzake;
– nati ambayo haipo kabisa. Usicheke, wapo wanaosafiri hivyo.

Gonga nati kwa nyundo ndogo huku kidole kikiwa upande wa pili. Iliyolegea huwa na mlio mzito na mtikisiko tofauti na wenzake. Nyundo haipimi nguvu, lakini inamkamata aliyelegea sana.

Ukiwa na haraka, angalau usipite gurudumu la nyuma kushoto. Huko Japani, takwimu za wizara inayoshughulikia uchukuzi zinaonyesha kwamba hilo ndilo linalochomoka mara nyingi kuliko yote. Wataalamu wanataja barabara kuinama kuelekea pembeni, kona za kulia zinazotupa uzito kushoto, na kona kali za kushoto ambapo tairi za nyuma husokotwa karibu mahali pamoja. Tanzania, Kenya na Uganda nazo huendesha kushoto kama Japani.

11. Chora mstari, ondoa urembo

Baada ya kukaza mara ya pili, chukua rangi ya brashi na uchore mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikizunguka, mstari utakatika, nawe utaona ukiwa umesimama. Vipo pia vishale vya plastiki vya rangi kali vinavyovishwa kwenye nati, viwili viwili vikitazamana. Kimoja kikigeuza shingo, kuna habari. Kumbuka tu kwamba mstari na kishale vinaonyesha nati iliyozunguka. Mbano unaweza kupungua bila nati kuzunguka, kwa hiyo haviondoi kazi ya spana.

Na vile vikombe vya kung'aa vyenye ncha kama mikuki, vinavyopendwa kwenye mabasi? Vinapendeza. Lakini vinaficha nati, michirizi na mstari wako kwa pamoja. Kama huwezi kuachana navyo, vivue kila unapokagua.

12. Likianza kucheza njiani, usikaze ukaondoka

Usukani unatikisika bila sababu, kuna mlio wa "tok, tok" ukienda taratibu, au dereva wa nyuma anakuwashia taa na kukuonyesha kidole. Punguza mwendo bila kukanyaga breki kwa nguvu, toka barabarani kabisa, weka pembetatu za tahadhari, zuia tairi kwa vigingi.

Ukikuta gurudumu limekuwa likitembea na nati legevu, kuzikaza tu hakutoshi. Livue. Tazama matundu, tazama bolti, tazama uso wa habu. Bolti zilizopindwapindwa kwa kilomita nyingi zinaweza kukatika kesho hata ukizikaza leo kwa spana ya dhahabu.

Usiishie kwenye nati. Shika habu uone kama inacheza, angalia oili au grisi inayovuja, sogeza mkono karibu uone kama joto lake limezidi la wenzake. Beringi ikifa, gurudumu huondoka na nati zake zote zikiwa zimekazwa vizuri kabisa. Na habu yenyewe inaweza kupasuka. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la lori lilichomoka na kumuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Habu ndiyo iliyovunjika, na baadaye ikabainika kwamba kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imeficha kasoro hiyo.

Ukimaliza kutengeneza, ondoa pembetatu, vigingi, na mawe au matawi yoyote uliyoweka barabarani. Hatari uliyoponea wewe, usimwachie anayekuja nyuma usiku.

La kumalizia

Kila gari liwe na daftari dogo: tarehe, gurudumu lipi lilifunguliwa, nani alifunga, kilomita ngapi zilikuwa kwenye dashibodi, na saini ya aliyekaza mara ya pili. Mwenye gari, hilo ni jukumu lako. Usimkimbize dereva hadi aone dakika 20 za kukaza nati pale Chalinze ni kosa la kukatwa posho. Fundi, mkumbushe mteja masafa ya kurudia kabla hajawasha gari. Na wewe dereva, usikubali neno la kijiweni kwamba "zimekazwa, bosi, twende." Nati zilizokazwa mara moja bado hazijakazwa.